Kwa nini bima ya nyumba Florida ilipanda vile? Vimbunga ni nusu tu ya stori

Uliza yeyote kwa nini bima ya nyumba Florida iko juu kuliko karibu kote Marekani, utajibiwa hapohapo: vimbunga. Na si jibu la kijinga, bahari iko pande tatu, na kimbunga Ian cha Septemba 2022 kila mtu alikiona. Ila toka Wilma ilipopiga Oktoba 2005 mpaka Hermine ya Septemba 2016 hakuna hurricane (kimbunga kikali cha baharini) hata moja iliyoingia nchi kavu Florida, karibu miaka 11, na hata hivo mahakama zilizidi kujaa kesi za bima. Mwaka 2019 jimbo lilikuwa na kama asilimia 8 ya madai ya bima za nyumba ya nchi nzima, lakini kesi za mahakamani asilimia 76. Louisiana na Texas nazo zinapigwa na vimbunga, mbona hazikuwa hivyo?

Jibu liko kwenye sheria ya mwaka 1893. Ilisema mteja akiishtaki kampuni ya bima akashinda, kampuni inamlipia wakili. Akishindwa, ya wakili wa kampuni hayamhusu. Nia ilikuwa nzuri tu, mnyonge apate nguvu ya kupambana na tajiri. Sasa chukulia mechi ya mtaani, nyie mkishinda wapinzani wanawalipia jezi, usafiri na pilau, wao wakishinda kila timu inajilipia yake. Si mtataka mechi kila jumamosi? Na hapa hata "kushinda" kulikuwa rahisi, ilitosha kuongezewa kidogo juu ya kile kampuni ilichokuwa imekubali kulipa kabla ya kesi, yaani mnabishania dola elfu chache za paa afu bili ya wakili inakuja kubwa kuliko paa lenyewe.

Halafu kulikuwa na mafundi wa paa. Mvua ya mawe ikipita walikuwa wanagonga mlango kwa mlango, mama saini hapa, paa jipya bila kutoa hela. Ile karatasi ilikuwa inamhamishia fundi haki ya kudai, so aliyeenda mahakamani ni fundi, na nafuu ya 1893 aliibeba yeye. Kanuni za ujenzi nazo zilisaidia, paa likiharibika zaidi ya asilimia 25 linabadilishwa lote (hii ililegezwa Mei 2022 kwa mapaa ya kisasa zaidi). Vioo vya mbele vya gari vilikuwa na mchezo wao, maana kule kubadilishiwa kioo kwa bima kamili huchangii hata senti, basi watu walikuwa wanapewa zawadi ili wakubali tu kioo kipya! Zawadi hizo zilipigwa marufuku 2023.

Mwaka 2022 kampuni sita za bima zilifilisika. Desemba hiyo bunge la jimbo likaitwa kikao maalum, gavana Ron DeSantis akasaini tarehe 16: mambo ya 1893 yakafutwa kwa bima za nyumba, kuhamisha madai marufuku kwa bima za nyumba na majengo za kuanzia Januari 2023, mteja ana mwaka mmoja kupeleka madai badala ya miwili, na kampuni ina siku 60 kulipa au kukataa, sio 90 tena. Machi 2023 ikaja sheria nyingine iliyofuta utaratibu ule wa 1893 kwa bima zilizobaki, na kabla haijasainiwa mawakili walikimbizana kufungua kesi, zaidi ya laki mbili mwezi ule mmoja.

Imesaidia? Citizens, bima ya jimbo kwa waliokosa pengine, ilifika wateja kama milioni 1.4 mwaka 2023 na mwisho wa 2024 walikuwa chini ya milioni, kampuni mpya zimeingia. Kuisifia sheria peke yake ni haraka lakini, maana 2025 hakuna hurricane iliyotua Florida na kampuni zinazozikatia bima kampuni za bima nazo zimeshusha bei. Na mwenye nyumba aliyepunjwa kweli sasa anamlipa wakili kutoka humohumo kwenye fidia, kwa hiyo kama unadai dola 5,000 tu zilizobaki, kumpata wa kuichukua kesi yako ni shughuli.