Kalenda ya matukio: namna ya kumtafutia bibi mwaka wake wa kuzaliwa

Kalenda ya matukio ni orodha ya mambo makubwa ambayo watu wa mahali fulani wanayakumbuka, kila jambo likiwa na mwaka wake unaojulikana. Hutumika kukadiria lini yalitokea mambo ambayo hayakuandikwa popote. Makarani wa sensa huitumia wanapomkuta mzee asiye na cheti cha kuzaliwa. Anayeandika historia ya ukoo wake anaihitaji kuliko karani, maana karani anatafuta umri wa mtu aliyekaa mbele yake, wewe unatafuta na miaka ya watu waliokwisha kuzikwa, na shahidi uliyebaki naye ni mmoja, tena ikifika saa nane mchana anataka kulala.

Huku kwetu Tanzania, kanda ya Ziwa Victoria, wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru walizaliwa nyumbani, na hakuna aliyekwenda bomani kuandikisha. Mwaka ulio kwenye kitambulisho uliwekwa baadaye sana, mara nyingi na mtu mwenye foleni ndefu nyuma ya dirisha. Ukiona mzee ameandikiwa 1 Januari au 1 Julai, usiinakili tarehe hiyo kwenye daftari la ukoo kana kwamba ni ushahidi. Ni makisio, tena ya mtu asiyemfahamu.

Mzee mwenyewe anajua alizaliwa lini, ila hahesabu kwa miaka. Anajua nani alimtangulia na nani alimfuata. Anajua alikuwa akifanya kazi gani pale nyumbani maji yalipopanda. Ndiyo maana swali la "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" halifai. Atakujibu "Sijui, mjukuu wangu, sisi hatukusoma," na mazungumzo yatakufa hapo hapo. Msalimie, kaa, mpe nafasi, halafu uliza: "Ziwa lilipofurika, bibi, ulikuwa mkubwa kama nani hapa?" Atatazama watoto waliopo uani, atanyoosha kidole: "Kama huyo. Hapana, huyo ni mrefu. Kama yule anayechota maji." Umepata umri, na unaweza kwenda kumuuliza mama wa yule mtoto ana miaka mingapi.

Sasa kalenda yenyewe. Ya taifa zima ni pana mno, inabidi utengeneze ya upande wako. Kwa Mwanza na vijiji vya ziwani, haya ni mambo ambayo wazee huyataja wenyewe au walisimuliwa na wazazi wao. Sotoka iliyomaliza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890 ndiyo mpaka wa mbali kabisa ambao masimulizi ya familia nyingi hufika. Waingereza waliwatoa Wajerumani Mwanza mwezi Julai 1916. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Vita vya Hitla ni 1939 hadi 1945. Uhuru ni Desemba 9, 1961, na mvua kubwa zilizoanza miezi hiyo hiyo zilipandisha ziwa hadi 1964 kwa kiasi cha mita mbili na nusu, likameza mashamba na nyumba za ufukweni. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kati ya 1973 na 1976. Vita vya Amini vilianza Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Waziri Mkuu Sokoine alifariki Aprili 12, 1984. Sangara walijaa upande wetu katika miaka ya 1980, na hiyo kwa familia za wavuvi ni alama kubwa kuliko uchaguzi wowote: kuna nyumba za bati kijijini ambazo kila mtu anajua zilijengwa kwa sangara. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999.

Tukio moja peke yake halitoshi. Unahitaji mawili: moja linalosema "hakuzaliwa kabla ya hapa", na jingine linalosema "hakuzaliwa baada ya hapa". Tuseme una bibi, mzaliwa wa kijiji cha ufukweni upande wa Magu. Kitambulisho chake kinasema 1 Julai 1960. Yeye anasimulia kwamba maji yalipoingia kwenye shamba la baba yake, alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, wakakimbilia juu kwenye mawe. Mtoto wa kike aliyeaminiwa kubeba mdogo wake alikuwa na miaka kama sita hadi tisa. Maji yaliingia mashambani kati ya 1962 na 1964. Toa tisa kwenye 1962, toa sita kwenye 1964: bibi alizaliwa kati ya 1953 na 1958.

Endelea kumsikiliza. Anasema mwaka 1974 walipoambiwa wavunje nyumba wahamie kijiji kipya, tayari alikuwa ameolewa na ana watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Ukichukulia kwamba alijifungua wa kwanza akiwa na miaka 16 hivi, na wa pili miaka miwili baadaye, basi mwaka 1974 alikuwa na miaka 18 au zaidi. Alizaliwa 1956 au kabla. Ukiyaunganisha, unabaki na 1953 hadi 1956. Ile 1960 ya kitambulisho haiwezekani kabisa: ingemfanya awe na mwaka mmoja hadi minne ziwa lilipofurika, umri wa kubebwa, si wa kubeba.

Angalia kwamba miaka 16 na ile miwili ya kuachanisha watoto umeiweka wewe. Iandike pembeni. Kesho dada yake mkubwa akikwambia bibi aliolewa mdogo zaidi ya hapo, utajua ni hesabu ipi ya kurekebisha.

Mitego ipo, na mkubwa kuliko yote ni tukio lenye jina moja kutokea mara mbili. "Ziwa lilipofurika" kwa bibi ni miaka ya 1960, kwa mjukuu wake ni 2020, maji yalipofikia tena kiwango cha 1964. "Vita ya Wajerumani" mmoja anamaanisha ile ya 1914, mwingine anamaanisha ya Hitla. Njaa ndiyo usiseme. Kila ukoo una njaa yake yenye jina lake, na kijiji cha pili wanaiita jina lingine. Kwa hiyo usiandike tu "wakati wa vita". Uliza nani alichukuliwa, alirudi au hakurudi, na mtawala alikuwa nani.

Halafu jambo moja halifiki kila mahali siku moja. Reli ilifika mjini 1928, lakini mtu wa Ukerewe huenda aliiona mara ya kwanza miaka mingi baadaye alipovuka kwenda kuuza pamba. Operesheni nayo ilifuata kijiji kimoja kimoja, ndiyo maana mwaka wake uuthibitishe pale pale kwa kuuliza familia mbili tatu. Shule ya msingi ya kijiji, ambayo mara nyingi mwaka wake umepakwa rangi ukutani, inaweza kukufaa kuliko tarehe yoyote ya Dar es Salaam.

Kuna pia kumbukumbu za kuazima. Mtu amesikia habari za MV Bukoba mara nyingi kiasi kwamba anasimulia kana kwamba alikuwa ufukweni. Hadanganyi. Mwulize alikuwa ameshika nini, alikuwa anatoka wapi, nani alimletea habari. Aliyekuwepo hukumbuka kitu kidogo kisicho na maana, kama sufuria iliyoungua jikoni. Aliyesimuliwa hukumbuka idadi ya waliokufa.

Majina nayo husaidia, kwa tahadhari. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha na Shija ndiye aliyewafuata, kwa hiyo ukimpata Shija kwenye ukoo na huoni mapacha mbele yake, yawezekana walikufa wachanga na hakuna aliyetaka kuwataja. Mabula na Kabula hupewa waliozaliwa na mvua, Nzala aliyezaliwa wakati wa njaa. Lakini watoto hurithishwa majina ya babu na bibi, na Nzala wa leo anaweza kuwa hajawahi kukosa chakula hata siku moja. Njaa hiyo ilikuwa ya bibi yake. Mfumo wetu wa majina matatu, la kwako, la baba na la babu, unakupa vizazi vitatu bure, ila usitegemee binamu zako wa upande wa mama kubeba jina lolote mnalofanana.

Ukimaliza, andika kile ulichopata na si zaidi: "Alizaliwa kati ya 1953 na 1956, alibeba mdogo wake ziwa lilipofurika, alikuwa na watoto wawili wakati wa Operesheni." Kuna kishawishi cha kuandika 1954 ili ukurasa upendeze. Ukifanya hivyo umefanya kazi ile ile ya yule wa dirishani.

Faida ya kuwa na miaka michache badala ya mwaka wa kubuni utaiona ukienda parokiani. Wamisionari Wakatoliki walifika Bukumbi 1883, na Wakristo wa Nassa wana historia inayoanzia 1888, kwa hiyo vitabu vya ubatizo vya upande huu vinaweza kurudi nyuma sana. Vimepangwa kwa tarehe ya ubatizo, si kwa alfabeti. Aliyebatizwa mchanga utamtafuta kwenye kurasa za miaka minne au mitano, na hilo katibu wa parokia atakuvumilia. Ukimwambia "miaka ya hamsini" atakuambia urudi wiki ijayo. Nenda na jina la ubatizo, jina la nyumbani, na jina la baba, kwa sababu kitabu kinaweza kuwa na mawili tu kati ya hayo. Soma na pembeni ya mstari, ambako padri huongeza kipaimara na ndoa. Na kama bibi alibatizwa ukubwani, kwa mfano siku chache kabla ya harusi, tarehe utakayoikuta ni ya ubatizo; umri ulioandikwa hapo, kama upo, padri naye aliuuliza.