Je, wajua? Nyumba iliyoletwa kwa lori yaweza kustahimili kimbunga

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga Andrew kilitua kusini mwa Florida, Marekani, jirani na mji wa Homestead, kikiwa na upepo wa kasi ya kilomita 265 hivi kwa saa. Mji huo ulikuwa na nyumba za kuhamishika 1,176, zile zinazotoka kiwandani na kuvutwa kwa gari hadi kiwanjani. Kulipokucha, 1,167 kati yake zilikuwa zimesambaratika kabisa. Zilibaki tisa.

Ukiisikia hesabu hiyo, unajiambia nyumba ya kiwandani ni kibanda tu, kimbunga kikija inakwenda na upepo. Wengi Marekani wanaamini hivyo hadi leo. Lakini wakaguzi wa FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa, walipozunguka vitongoji vya eneo hilohilo walikuta jambo jingine. Nyumba za moduli, zinazoundwa kwa masanduku makubwa na zilizotoka kiwandani vilevile, zilikuwa zimepata madhara madogo kiasi katika mifupa yake. Ripoti yao ilieleza kwamba masanduku ya nyumba hizo yakishafungwa pamoja yanakuwa kitu kimoja kigumu, na kwamba yalistahimili upepo kuliko nyumba za kawaida za mbao zilizojengwa uwanjani na mafundi.

Iweje basi nyumba mbili zitoke kiwandani, moja iwe vipande na nyingine isimame?

Tuanze kwa kuzitenganisha, maana zinachanganywa kila siku, hata na wanaoziuza. Nyumba ya kuhamishika hujengwa juu ya chasisi ya chuma, na chasisi hiyo hubaki chini yake maisha yake yote. Tangu Juni 1976 inasimamiwa na kanuni moja ya serikali kuu kwa nchi nzima, na utaitambua kwa bamba dogo jekundu la chuma lililopigwa kwenye ukuta wa nje. Nyumba ya moduli hutengenezwa kwa masanduku makubwa: sanduku moja lina sakafu, kuta na dari, mara nyingi na makabati ya jikoni na nyaya za umeme tayari. Hupakiwa kwenye trela, hufika kiwanjani, kreni huliinua na kuliketisha juu ya msingi wa kudumu. Nayo haifuati kanuni ya nyumba za kuhamishika. Inafuata kanuni za ujenzi za jimbo inakokwenda, zilezile anazofuata fundi anayejenga kwa tofali na mbao palepale uwanjani. Ikiwa inapelekwa Miami, sharti ikokotolewe kwa upepo wa Miami, hata kama kiwanda kiko mbali na pwani.

Sasa tuangalie upepo wenyewe unafanya nini. Watu hudhani unasukuma ukuta mpaka uanguke. Unasukuma, ndiyo, lakini hatari kubwa iko juu. Upepo unaporuka juu ya paa hupunguza mgandamizo upande wa juu, na paa linavutwa kwenda mbinguni kama bawa la ndege. Na nguvu hiyo haipandi polepole. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa hukandamiza kwa uzito wa karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 200, ni kilo 190 na ushee. Kwa kasi ya Andrew inapita kilo 330, na kwenye kingo na pembe za paa mvuto huwa mkali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo swali la mhandisi si kama ukuta ni mnene. Anauliza: paa likivutwa juu, nani anamshika nani? Bodi ya paa imeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na ukuta, ukuta umeshikwa na sakafu, sakafu imeshikwa na msingi, na msingi uko ardhini. Ni mnyororo. Pete moja ikiwa legelege, zilizobaki zote hazina kazi.

Pete iliyokatika zaidi wakati wa Andrew ilikuwa ndogo kuliko kidole. Huko Florida, juu ya kenchi hutandikwa kwanza bodi za plaiwudi, ndipo vigae au malighafi nyingine ya paa hufuata. Fundi anasimama juu ya bodi na bunduki ya misumari mkononi. Kenchi haioni, iko chini ya bodi, na upana wake ni chini ya sentimita nne. Anakadiria kwa macho, anapiga, anasonga mbele. Msumari ukikosa kwa upana wa kidole, unatoboa plaiwudi na kuning'inia hewani ndani ya dari. Kwa juu unaonekana sawasawa na ile iliyoshika. Ukiingia darini na tochi utauona unang'aa, umeshika hewa. Baada ya kimbunga, wakaguzi waliokota bodi zilizokuwa na misumari ya namna hiyo, na nyingine zilizofungwa kwa pini tu, kama zile za karatasi ila kubwa. Bodi hizo ziling'oka mapema, kenchi zikakosa kitu cha kuziunganisha, zikalaliana kama karata, na ukuta wa pembetatu ulio mwishoni mwa paa la mgongo wa tembo ukaanguka.

Hapo ndipo kiwanda kinapopata ushindi wake. Ndani ya kiwanda, paa hujengwa kwenye meza au jukwaa, mwanga ukiwa wa kutosha, mvua hainyeshi, na kenchi zimekaa kwenye nafasi zilezile kila siku. Mkaguzi anaweza kupita chini yake na kuona kila msumari umeingia wapi. Mbao hazikai wiki tatu kwenye tope. Na viwanda vingi haviridhiki na misumari peke yake, huongeza gundi baina ya bodi na mbao. Msumari hushika mahali pamoja tu, gundi hushika urefu wote wa mbao.

Kuna sababu ya gundi hiyo, na ndiyo inayonivutia zaidi katika habari hii yote. Sanduku la nyumba haliko salama likiwa bado barabarani. Litapita kwenye mashimo, litapinda kila trela inapokata kona, litatikiswa kwa saa nyingi, kisha litaning'inizwa kwenye kamba za kreni huku uzito wake wote ukivuta mahali pachache. Nyumba ya kawaida haipitii mateso hayo maishani mwake. Mtengenezaji analazimika kulifanya sanduku liwe gumu kwa sababu la sivyo litafika na nyufa na milango isiyofunga. Ugumu huo, alioununua kwa ajili ya safari, unabaki ndani ya nyumba.

Hapa niseme neno kuhusu hoja inayopendwa na wauzaji. Wao husema: nyumba hii imeshasafiri kwa kilomita 90 kwa saa barabarani, kwa hiyo upepo imeshauzoea. Hiyo si kweli, na mnunuzi asikubali kutulizwa nayo. Upepo wa kilomita 90 hukandamiza kwa kilo 39 hivi kwa mita ya mraba. Wa Andrew ulikuwa na nguvu ya zaidi ya mara nane ya huo. Safari haijaribu upepo wa kimbunga hata kidogo. Inachojaribu ni viungo, kwa kuvisokota na kuvitikisa, na hilo nalo ni jambo la maana sana.

Masanduku yakishafika na kuketishwa ubavu kwa ubavu, kila moja linakuja na ukuta wake, kwa hiyo katikati ya nyumba kunakuwa na kuta mbili zilizobanana. Likiwekwa moja juu ya jingine, dari ya chini na sakafu ya juu nazo zinakuwa mbili. Upepo ukisukuma upande mmoja, nguvu inagawanywa kwenye kuta na sakafu nyingi. Hicho ndicho kitu kimoja kigumu walichokiona wakaguzi wa FEMA.

Lakini soma tena sentensi ya ripoti: masanduku *yakishafungwa pamoja*. Kiwanda kinaweza kufanya kazi safi kabisa, kisha kikundi kinachoketisha nyumba kiwanjani kikaharibu kila kitu siku moja. Boliti za kuunganisha sanduku na sanduku, mikanda ya chuma inayoshika sanduku kwenye msingi, vyote hufungwa uwanjani, jioni inakaribia na kreni inalipiwa kwa saa. Tena kuna paa. Trela inapaswa kupita chini ya madaraja, hivyo paa lenye mwinuko mkubwa huja limekunjwa kwa bawaba na kuinuliwa baada ya kufika. Mstari ule wa bawaba unahitaji mikanda yake na boliti zake. Ukisahauliwa, umeweka pete legelege katikati ya mnyororo mzuri. Umbo la paa nalo lina neno: lenye miteremko minne humpa upepo nafasi ndogo kuliko mgongo wa tembo wenye kuta mbili za pembetatu.

Madirisha hayana habari na kiwanda wala uwanja. Kigae cha jirani kikivunja dirisha, upepo unaingia ndani na kulisukuma paa kwa chini huku upepo wa nje ukilivuta kwa juu. Nguvu hizo mbili zikikutana, paa linaweza kuondoka kwa dakika chache. Ndiyo maana kwenye eneo la Miami dirisha au kinga yake hujaribiwa kwa kurushiwa kipande cha mbao cha kilo 4 hivi kwa kasi ya kilomita 55 kwa saa kutoka kwenye mzinga maalumu. Nyumba ya moduli inayopelekwa huko hailindwi na jina lake, lazima madirisha yake nayo yafaulu.

Hata nyumba za kuhamishika, zile zilizoangamia Homestead, zilibadilika. Mwaka 1994 serikali kuu iliongeza masharti ya upepo kwa zile zinazopelekwa maeneo ya pwani. Miaka kumi baadaye, Agosti 2004, kimbunga Charley kilipiga Punta Gorda, Florida, na tofauti ilionekana kwa macho: za zamani ziligeuka vifusi, zilizotengenezwa baada ya 1994 zilistahimili vizuri zaidi. Florida nayo ilianza kutumia kanuni moja ya ujenzi kwa jimbo zima mwaka 2002.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna nyumba za moduli za kutosha kuzipima, ila upepo tunaujua. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha minazi na mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Msumari wa bati uliokosa papi wa Mafia na msumari wa plaiwudi uliokosa kenchi wa Homestead una kosa lilelile, na dawa yake haihitaji kiwanda: mkanda wa chuma unaofunga kenchi kwenye ukuta, ushuke hadi ufike kwenye zege.

Limebaki jambo moja ambalo gundi, boliti na mikanda haviliwezi. Kimbunga huja na bahari. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilisukuma maji kwenye pwani ya Mississippi hadi urefu wa mita 8 na zaidi, na mitaa mingi ilibaki na sakafu za zege tupu, ngazi za mlangoni zikielekea kwenye nyumba isiyokuwepo. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Sanduku la mbao likikutana na wimbi lililobeba magogo na magari, haijalishi lilijengwa wapi. Kinachosaidia ni kimo: kuiinua nyumba juu ya nguzo zilizozamishwa chini sana, ili mawimbi yapite chini ya sakafu. Moduli zinakubali hilo vizuri, maana kreni inayoketisha sanduku kwenye msingi wa nusu mita inaweza kuliketisha pia juu ya nguzo za mita nne.

Mwenye kununua nyumba ya namna hii pwani ya Florida, basi, asianze na rangi ya makabati. Aulize kiwanja kiko kimo gani juu ya bahari. Aulize nyumba imekokotolewa kwa kasi gani ya upepo, na aionyeshwe kwenye michoro. Siku ya kuketisha awepo mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, akiwa na tochi, na kabla bodi za jipsamu hazijafunika mstari wa maungano ahesabu boliti moja baada ya nyingine na kuzipiga picha.