Je, wajua kwa nini mwili ukiwa "recovered" haujapona?

Mwanafunzi wa Kiingereza anafungua habari ya ajali ya ndege, anakuta "bodies recovered from the sea". Kamusi yake ndogo ilimwambia zamani kwamba "recover" ni kupona. Basi anashukuru Mungu, watu wamepona! Kumbe habari inasema maiti zimeopolewa baharini.

Kosa hilo ni la kamusi zaidi kuliko la mwanafunzi. Shina la "recover" ni kukipata tena kilichokuwa kimekutoka mkononi, kiwe afya, deni, mali iliyoibwa au maiti iliyozama. Kiswahili kimegawa kazi: mgonjwa hupona, mali hurejeshwa, maiti huopolewa. Kiingereza kimetwisha kitenzi kimoja mizigo yote hiyo. Ukishakutana na neno hilo mara moja kwenye habari ya ndege iliyozama, hulisahau tena.

Kwa nini hasa habari za ajali ya ndege ndizo zifae kujifunzia maneno ya Kiingereza, wakati habari za siasa na mpira zimejaa kila siku? Kwa sababu ajali ya ndege husimuliwa upya kila saa, kwa siku au hata miezi, na kila usimulizi mpya hubadilisha neno moja tu, kwa kuwa kuna jambo moja zaidi limejulikana. Anayefuatilia anaona neno la jana likiondolewa na la leo likiingizwa, na anajua sababu. Hapo maana hujieleza yenyewe.

Tuchukue ndege ya Malaysia Airlines, MH370. Usiku wa kuamkia 8 Machi 2014 iliruka kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239. Taarifa za kwanza zilisema waongoza ndege "lost contact", yaani mawasiliano yamekatika. Hakuna aliyesema imeanguka. Kisha vichwa vya habari vikahamia kwenye "went missing". Tazama hiyo "went": ndege haikwenda mahali panapoitwa "missing". Kiingereza hupenda kutumia "go" jambo linapoharibika: maziwa "go bad", mambo "go wrong", mtu "goes blind", ndege "goes missing". Sisi tunasema tu imetoweka.

Na hilo "missing" lina tafsiri ya kisheria ambayo wasomaji wengi wa magazeti hawaijui. Katika Kiambatisho cha 13 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kinachosimamia uchunguzi wa ajali, ndege huhesabiwa kuwa imetoweka pale utafutaji rasmi unaposimamishwa bila mabaki kupatikana. Mwandishi wa habari hulitumia saa ya pili, mchunguzi hulingoja mpaka mwisho.

Angalia pia jozi hii: "search and rescue" na "search and recovery". Siku za kwanza wanatafutwa watu wa kuokoa, kwa hiyo ni "rescue". Asubuhi moja msemaji anatamka "recovery" badala yake, bila kuongeza sentensi yoyote, na jamaa wa abiria wanaelewa kwamba matumaini yamefungwa. Sijui somo la msamiati lililo zito kuliko hilo.

Sarufi nayo imo. Shuleni tulifundishwa kwamba "the plane crashes" ni kama "ndege huanguka", jambo la mazoea. Kwa kanuni hiyo, kichwa cha habari "Plane crashes into lake" kingemaanisha kuna ndege yenye tabia ya kujitosa ziwani! Lakini magazeti yetu yanafanya vilevile: "Ndege yaanguka ziwani, abiria waokolewa". Ile -a- ya vichwa vya habari vya Kiswahili inafanya kazi ileile ya wakati uliopo wa vichwa vya Kiingereza, nayo ni kulileta tukio lililokwisha kupita mbele ya macho ya msomaji.

Si kila ndege inayoishia majini huwa "crashed". Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya US Airways iligongana na kundi la ndege wa porini ikapoteza nguvu za injini zote mbili, na rubani akaitua juu ya mto Hudson, New York. Wote 155 walitoka hai. Neno la kitaalamu ni "ditching", kutua majini kwa makusudi. Anayejua "ditch" kama mtaro wa kando ya barabara atashangaa mtaro umefikaje mtoni.

Wakati mwingine neno lenyewe ndilo huwa sehemu ya ajali. Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York. Marubani waliomba "priority", yaani kipaumbele, wakasema mafuta yanakwisha, ila hawakutamka "emergency", yaani dharura. Kwa masikio ya waongoza ndege, "priority" haikutosha kuwaondoa wengine njiani. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, watu 73 wakafa kati ya 158.

Miaka 13 kabla yake, katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, kwenye ukungu mzito, rubani msaidizi wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alisema redioni kitu kama "we are now at takeoff". Mwongoza ndege alielewa wako mahali pa kurukia, wanasubiri. Wao walikuwa wameshaanza kukimbia kwenye njia ya kurukia, na mbele yao palikuwa na ndege ya Pan Am, shirika la Marekani. Walikufa watu 583. Baada ya hapo neno "take-off" likawekewa mipaka: hutamkwa kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Nyakati nyingine zote husemwa "departure".

Nirudi kwa MH370, maana imebaki ngazi moja ambayo wanafunzi huiruka, ile ya maneno ya uhakika. Julai 2015 kipande cha bawa kilionekana ufukweni Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Waziri Mkuu wa Malaysia alitangaza kwamba kimekuwa "conclusively confirmed", yaani imethibitishwa bila shaka kuwa ni cha MH370. Usiku uleule mwendesha mashtaka wa Paris aliishia kusema kuna dalili nzito sana, na Ufaransa ikangoja hadi Septemba ndipo ikasema ni hakika. Vipande vilivyookotwa Msumbiji wachunguzi wa Australia waliviita "almost certainly", karibu kwa hakika, vya ndege hiyo, na hiyo "almost" haikuwekwa kwa bahati mbaya. Mwaka 2016 kikapatikana kipande kingine cha bawa, kikubwa, kisiwani Pemba. Namba zilizosomeka juu yake zililingana na kumbukumbu za watengenezaji. Septemba mwaka huo Waaustralia wakaandika "confirmed", na safari hii hawakutanguliza "almost".