Kujitetea baada ya kununua si "gharama zilizozama"

Siku hizi mtu akianza kusifu kitu alichonunua na kila mtu anaona alichomwa, hakosi mjuaji mmoja wa kusema eti hizo ni gharama zilizozama, yaani mtu kuendelea kutoa pesa kwa sababu tu ya zile alizokwisha toa na hazirudi. Zi wapi sasa? Huyo anajitetea tu, yaani pesa imeshatoka, roho inamsuta, na akili inatafuta sababu za kufanya ununuzi uonekane wa busara.

Mambo haya yametoka kwa Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka wa 1957 kwamba mtu hukosa raha akiwa na mawazo mawili yanayopingana. "Mimi ni mwerevu" na "nimenunua takataka" hayakai pamoja, na kwa vile pesa hairudi, kinachobadilishwa ni maoni. Mwaka mmoja kabla, 1956, Jack Brehm, mwanasaikolojia pia, alikuwa amewapa wanawake vifaa vya nyumbani wavipime, halafu kila mmoja akachagua kimoja kati ya viwili aende nacho. Walipovipima tena, alichochagua mtu kilipanda alama na alichoacha kikashuka, na hapo hata hajakitumia! Tena mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi kwa wale waliokuwa wamevipenda vyote viwili karibu sawa. Kwa hivyo si lazima kitu kiwe kibovu, na pia si uongo, mtu anaamini kabisa anachokuambia.

Sasa chukua jamaa aliyenunua ploti huko ndani ndani ya Joska, nje ya Nairobi, hakuna maji, mvua ikinyesha hata boda inakataa kuingia. Akisema "hewa ni safi, lami inakuja, bei itapanda", anajitetea. Lakini akichukua mkopo wa sacco achimbe kisima pale kwa sababu tu "nishaweka pesa nyingi, siwezi acha", hapo ndio gharama zilizozama zinamsukuma. Moja ni maneno kuhusu pesa iliyoenda, ingine inakula pesa ambayo bado iko mfukoni. Ni kweli ya kwanza huzaa ya pili mara nyingi, nadhani ndio maana watu huzichanganya, lakini kuna wengi hujitetea miaka yote na hawaongezi hata shilingi.

So akikuambia lami iko njiani, muache tu aongee. Hiyo ya gharama zilizozama mwekee siku ya kisima.