Je, wajua kwa nini haramia aliyeteka meli akalipwa dola milioni 6 hurudi tena baharini?

Aprili 2009, meli ya Maersk Alabama ilikuwa njiani kuja Mombasa, na ndani yake mlikuwa na chakula cha msaada, ilipovamiwa na vijana wanne wa Kisomali. Mwaka 2013 kisa hicho kikatengenezewa filamu, Captain Phillips. Wengi huitazama kwa ajili ya bunduki. Mimi naiona ni somo la uchumi, tena linalotuhusu sisi tunaoishi kando ya bandari ya Kilindini, Mombasa.

Kuna mahali kiongozi wa maharamia anajisifu kwamba mwaka uliopita waliteka meli ya Wagiriki, wakalipwa dola milioni 6. Nahodha anamuuliza: sasa hapa unatafuta nini? Kijana hana jibu, anamwambia anyamaze.

Siku hiyo nilikuwa nikitazama na mjomba wangu, mvuvi wa Mtongwe tangu ujana wake. Akajibu yeye: "Ana tajiri huyo."

Kwetu Pwani tajiri ndiye mwenye chombo. Anatoa mashua, nyavu, mafuta ya injini, hata pesa ya unga siku za kusi bahari inapochafuka. Samaki wakiuzwa, fungu la chombo hutoka kwanza, kisha la nyavu, kisha deni. Kinachobaki ndicho wavuvi hugawana. Vijana wa kwenda baharini ni wengi, wenye vyombo ni wachache, na aliye mchache ndiye anayepanga bei.

Uharamia uliendeshwa vivyo hivyo. Uchunguzi wa Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa na Interpol uliotolewa 2013 ulionyesha kuwa wafadhili walichukua asilimia 30 hadi 50 ya kikombozi, na askari wa kawaida wa kikosi dola 30,000 hadi 75,000 kwa meli. Humo humo yalikatwa madeni ya chakula na miraa aliyotafuna meli ikishikiliwa.

Ukilijua hilo, utaielewa ile sehemu ya filamu yenye sefu ya meli. Ndani yake mna dola 30,000, nahodha anawaambia wazichukue waende zao, na kijana anauliza kwani yeye ni ombaomba? Mara ya kwanza nilidhani ni tamaa. Lakini piga hesabu: tajiri akichukua nusu, zinabaki 15,000. Wakigawana wanne, kila mmoja ana 3,750, na deni bado halijakatwa. Hatari aliyojitia ni ile ile ya kutafuta mamilioni.

Na kuvua je? Kijana anasema meli kubwa za kigeni zilikuja zikazoa samaki wote. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka tangu 1991, bahari ikakosa mlinzi.

Filamu ilipokwisha, mjomba akaniomba nirudishe mwanzo, pale ufuoni, watu wa mkubwa wanapofika na magari na bunduki kudai meli nyingine. Vijana wanasukuma mashua majini. Magari yanabaki mchangani.

"Umeona?" akasema mjomba.