Mafundo ya Jauja: Jinsi Himaya ya Wainka Ilivyohesabu na Jinsi Ilivyovunjika

Ninapofundisha historia ya Wainka, watu wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, huanza na uzi kabla ya dhahabu. Khipu, yaani kamba za mafundo walizotumia kuhifadhi hesabu, ikitandazwa mezani huonekana kamba kuu moja, na kutoka kwenye kamba hiyo huning'inia nyuzi za pamba au za sufu, kila mmoja na mafundo yake. Mafundo ya mamia hufungwa juu, ya makumi katikati, na ya mamoja chini kabisa. Uzi wenye mafundo mepesi mawili, kisha manne, kisha fundo moja refu lililozungushwa mara tatu, unasomeka 243, na mahali palipoachwa bila fundo ni sifuri. Kwa nyuzi hizo dola lisilokuwa na maandishi ya wino lilihesabu watu, mahindi, nguo na zamu za kazi.

Zamu za kazi ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa Tawantinsuyu, yaani sehemu nne zilizounganishwa, kama Wainka wenyewe walivyoiita nchi yao. Hawakuwa na sarafu, hivyo kodi ililipwa kwa jasho: kila kaya ilitoa mtu wa kulima mashamba ya dola, kupigana vitani au kujenga, na utaratibu huo uliitwa mit'a. Kwa nguvu kazi hiyo ilijengwa mitandao ya barabara inayokadiriwa kufikia kilomita 40,000, pamoja na maghala yaliyopangwa kwa safu milimani. Huko Huánuco Pampa, nchini Peru, bado yapo mabaki ya maghala yapatayo 500. Humo kilihifadhiwa chakula kama chuño, yaani viazi vilivyogandishwa kwa baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu ili maji yatoke, kisha vikaanikwa juani hadi vikaweza kukaa miaka kadhaa bila kuharibika.

Upanuzi ulikuwa wa kasi. Kwa hesabu iliyozoeleka, mfalme Pachacuti alishika madaraka Cusco, mji mkuu wa Wainka, mwaka 1438 baada ya kuwashinda majirani zao Wachanka, na kabla ya miaka 100 kupita, yeye, mwanawe na mjukuu wake walikuwa wametawala kuanzia kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile. Kasi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyouacha umoja wao ukiwa mchanga mno, kwa kuwa makabila mengi yaliyotekwa yalikuwa na wazee waliokumbuka uhuru wao.

Yapata mwaka 1527 mjukuu huyo, mfalme Huayna Capac, alifariki kwa maradhi ambayo wanahistoria wengi hudhani yalikuwa ndui iliyowatangulia Wahispania, na mrithi wake Ninan Cuyochi akafa pia. Kwa vile kiti hakikuwa haki ya mzaliwa wa kwanza, wanawe wawili, Huascar aliyekuwa Cusco na Atahualpa aliyekuwa kaskazini, waligombana, na majeshi yao yakachinjana kwa miaka kadhaa. Atahualpa alikuwa ndiyo kwanza ameshinda pale Mhispania Francisco Pizarro alipomkamata katika mji wa Cajamarca, tarehe 16 Novemba 1532, akiwa na watu 168. Fidia ya dhahabu na fedha ililipwa, na bado mfalme akauawa mwaka 1533.

Siwezi kukubali kwamba watu 168 wenye farasi na panga za chuma ndio walioiangusha himaya hiyo peke yao. Wakañari na Wachachapoya, makabila yaliyokuwa yametekwa na Wainka, walijiunga nao, na Wahuanka wa bonde la Jauja, waliokuwa na kinyongo cha muda mrefu dhidi ya Cusco, waliwafungulia maghala. Jeshi la wageni lilikula mahindi yaliyolimwa kwa mit'a na kutembea juu ya barabara za Wainka.

Watunza khipu wa Jauja, hata hivyo, hawakuacha kufunga mafundo. Waliandika kwa nyuzi kila lama, kila kipimo cha mahindi, kila nguo na kila mpagazi waliyemtoa, wakitenganisha vilivyotolewa kwa hiari na vilivyoporwa. Kati ya mwaka 1558 na 1561 viongozi wa Wahuanka walizipeleka hesabu hizo mbele ya mahakama ya Kihispania mjini Lima kudai malipo, na karani akaandika kwa wino mambo ambayo mafundo yalikuwa yameyahifadhi tangu siku Pizarro alipopita bondeni mwao.