Je, wajua ni lini askari anaweza kukusachi bila ruhusa yako?

Basi limetoka Tunduma alfajiri, watu wamebanana hadi mlangoni. Kabla halijafika Uyole linapigwa mkono. Askari wawili wanapanda, mmoja anavuta begi lililo chini ya kiti: "Hili la nani?" Aliyesafiri barabara ya Zambia anaijua hali hiyo. Hakuna hakimu, hakuna karatasi, wala hakuna anayemuuliza mwenye begi kama ameridhia. Je, sheria inaruhusu?

Mara nyingi, ndiyo. Wengi wetu hubishana na askari kwa hoja isiyo na nguvu: "Mimi sijakuruhusu." Ruhusa yako siyo inayopimwa sana. Kinachopimwa ni sababu aliyokuwa nayo askari kabla hajanyoosha mkono, na kama kweli hakuweza kusubiri.

Msingi uko kwenye Katiba ya Tanzania ya 1977. Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Lakini ibara hiyohiyo inaendelea kusema kwamba nchi itaweka utaratibu wa sheria kuhusu namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Utaratibu huo kwa sehemu kubwa umo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa 1985. (Namba za vifungu nitakazotaja ni zile zilizozoeleka kabla ya toleo la urekebu la 2023. Ukifungua toleo jipya, tafuta kwa kichwa cha kifungu.)

Tukirudi kwenye basi: polisi anaruhusiwa kusimamisha gari, kulipekua na kulizuia akiwa na sababu ya kushuku kuwa ndani yake kuna mali ya wizi au iliyopatikana isivyo halali. Anaruhusiwa pia kumpekua mtu anayeshukiwa kubeba mali ya namna hiyo. Taarifa ikipigwa kwamba duka la simu limevunjwa Vwawa na kijana mwenye begi jeusi ameonekana akipanda basi la Mbeya, hiyo ni sababu. Askari anaweza kuieleza mbele ya hakimu na ikaeleweka. Kwamba mtu amesuka rasta na amekaa siti ya nyuma, kwa maoni yangu, siyo sababu hata kidogo, ingawa vijana wanaokatiza Mwanjelwa usiku watakuambia ndiyo wanayokutana nayo zaidi. Watu wa forodha nao wana sheria yao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kwa hiyo mwenye marobota ya vitenge kutoka mpakani asishangae kukaguliwa na mtu asiye polisi.

Hali ya pili haina utata sana. Ukikamatwa, polisi anaweza kukupekua mwilini na kuhifadhi ulivyonavyo, isipokuwa nguo unazohitaji kuvaa. Ila kukamatwa kwenyewe kuna masharti: anayekukamata anatakiwa akueleze kosa unalokamatiwa. Na mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha kamili. Kama kwenye difenda wote ni wanaume, anayepaswa kusubiri ni wao, mpaka mwanamke apatikane.

Hali ya tatu ndiyo inayoleta kesi nyingi: dharura. Mawakili wanaijua kama kifungu cha 42. Hapo askari anaweza kumpekua mtu anayemshuku kubeba kitu kinachohusiana na kosa, au kuingia kwenye nyumba, kiwanja au gari bila amri ya mahakama. Lakini masharti ni mawili na yote lazima yatimie. Kwanza, awe na sababu za msingi za kuamini kwamba asipofanya hivyo kitu hicho kitapotea au kuharibiwa. Pili, mazingira yawe mazito na ya haraka kiasi cha kuhalalisha kuingia papo hapo. Kifungu hicho kinamruhusu pia kumsimamisha mtu anayeamini kwa sababu za msingi kuwa amebeba silaha, na kuichukua. Kwetu huku hilo linahitaji busara, maana panga ni jembe la pili. Mtu wa Tukuyu anayekwenda kwenye migomba yake saa moja asubuhi na panga begani hajabeba silaha. Panga hilohilo likiwa chini ya koti saa saba usiku pale Kabwe, mazungumzo yanabadilika.

Tuseme jambazi mwenye bunduki anakimbia na kuzama kwenye nyumba Makambako, askari wako nyuma yake. Hakuna atakayewadai karatasi. Sasa tuseme mpelelezi Iringa mjini amepewa taarifa Jumatatu kwamba nyumba fulani inauza bangi, akapanga kikosi, akaomba gari, akaenda Alhamisi saa nne usiku. Dharura iko wapi? Siku tatu zimepita, na mahakama iko mji huohuo. Mahakama ya Rufani imekwisha kulisema hili: pasipokuwa na dharura, upekuzi uwe na hati, au mkuu wa kituo mwenyewe awepo. Sababu yake naiona ya maana kuliko kifungu chenyewe: utaratibu wote upo ili kinachodaiwa kukutwa kisitiliwe shaka, kwamba hakuna mtu aliyekuja nacho mfukoni.

Ndiyo maana nyumba ina ulinzi mkubwa kuliko begi. Mlango wa kawaida ni hati ya mahakama, inayotekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, labda mahakama iruhusu saa nyingine. Mlango mwingine uko kifungu cha 38: mkuu wa kituo, akiridhika kwamba ucheleweshaji utafanya kitu kiondolewe, kiharibiwe, au uhatarishe maisha au mali, anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari wake idhini ya maandishi. Idhini hiyo na matokeo yake vinapaswa kuripotiwa kwa hakimu mapema iwezekanavyo. Hata kanuni za ndani za Jeshi la Polisi, PGO namba 226, zinakataza askari kuingia nyumba ya mtu bila hati au bila mamlaka mahsusi ya sheria fulani. Kwa hiyo kuuliza kwa adabu, "Afande, mnayo hati?" siyo ukaidi. Kumsukuma ni habari nyingine. Kumzuia askari akiwa kazini ni kosa, na hoja ya uharamu wa upekuzi inasikilizwa mahakamani, siyo kwenye kizingiti.

Kitu kikichukuliwa, sheria inataka stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu, na ya mashahidi kama wapo. Hapo ndipo huitwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa. Akiletwa baada ya mfuko kukutwa, ameshuhudia mfuko tu, upekuzi hajauona. Mahakama zimewahi kukubali hati ya ukamataji, yaani karatasi inayoorodhesha vitu vilivyochukuliwa, iliyosainiwa vizuri hata pasipo stakabadhi, kwa hiyo saini yako kwenye karatasi ile ina uzito. Isome kwanza. Kama imeandikwa misokoto hamsini na wewe umeona mitano, sema pale pale, balozi akisikia.

Je, upekuzi ukiwa haramu mshtakiwa anaachiwa? Siyo moja kwa moja. Kifungu cha 169 kinaiachia mahakama ipime kama kupokea ushahidi huo kutanufaisha umma bila kuumiza isivyostahili haki za mtu. Kesi nyingine zimeanguka kwa sababu kielelezo kilitupwa nje, nyingine zimesimama kwa ushahidi mwingine.

Simu nayo? Kuitoa mfukoni mwa aliyekamatwa ni sehemu ya kumpekua. Kuchimba yaliyomo ni jambo jingine: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweka uamuzi wa kupekua mfumo wa kompyuta kama ushahidi kwa mkuu wa kituo au ofisa wa ngazi inayolingana naye. Hakuna mahali inapomtaja askari yeyote anayetaka kuona meseji zako kituo cha bodaboda.

Na kwa ndugu zetu wa Idodi na Pawaga, wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha, kuna sheria nyingine ya kuijua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inawaruhusu maofisa wake kupekua bila hati gari, hema, ghala au mtu, wakiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kosa la wanyamapori limetendeka. Lakini ikifika kwenye nyumba ya kuishi, hawaingii bila hati mpaka awepo angalau shahidi mmoja huru. Askari mwenzao aliyekuja nao kwenye gari siyo shahidi huru. Jirani aliyeamshwa usingizini aje asimame jikoni wakati sufuria ya nyama inafunuliwa, huyo ndiye.